Siku Isiyolipwa: Umaskini, Kazi za Sulubu na Maamuzi ya Afya

Katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki, malalamiko ya wahudumu kuhusu wagonjwa wao hufanana sana, iwe ni katika zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata au hospitali ya wilaya: wagonjwa huja wakiwa wamechelewa, hukatisha dozi, hununua dawa dukani bila cheti cha daktari, na hawarudi siku waliyopangiwa. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba watu hao hawana elimu ya afya, na dawa inayopendekezwa ni kuwaongezea elimu hiyo kwa mabango, kwa vipindi vya redio na kwa mikutano ya hadhara. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya maamuzi yanayoitwa ya kizembe hufanywa na watu wanaojua vizuri lililo bora lakini hawana nafasi ya kulichagua, kwa kuwa kila hatua ya kuielekea tiba huwadai kitu ambacho mtu anayeishi kwa kibarua hana ziada yake, nacho ni siku ya kazi.

Kibarua, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kazi inayolipwa kwa kutwa au kwa kipande, isiyo na mkataba wa maandishi, ambayo mtu asipofika hapati chochote na kesho yake huenda akakuta nafasi yake imeshikwa na mwingine. Ndiyo kazi ya saidia fundi anayepandisha zege ghorofani kwa ndoo, ya mbeba mizigo wa Kariakoo au Marikiti, ya msukuma mkokoteni, ya mama anayeponda kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi jijini Dar es Salaam, ya mwanakijiji anayelima kwa ujira shambani kwa jirani huku shamba lake mwenyewe likiota magugu, na ya dereva wa bodaboda ambaye kila jioni hana budi kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, awe amepata abiria au hakupata. Wachumi huiita sehemu hii ya ajira sekta isiyo rasmi, yaani shughuli zisizofikiwa na mikataba, mifuko ya hifadhi ya jamii na sehemu kubwa ya sheria za kazi, na nchini Kenya takwimu za taifa zinaonyesha kwamba, ukiwaacha wakulima wadogo, zaidi ya asilimia 80 ya wenye ajira wamo humo. Anayezungumziwa hapa, kwa hiyo, ndiye mfanyakazi wa kawaida wa eneo hili, ingawa sera nyingi za afya huandikwa kana kwamba mfanyakazi wa kawaida ni yule mwenye mshahara wa mwezi na likizo ya ugonjwa.

Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, na kauli hiyo ni sahihi kiuchumi kuliko inavyodhaniwa. Mwenye duka akifilisika anaweza kuuza rafu na mizani, lakini mwenye mwili pekee, mwili huo ukidhoofika, hubaki na kuuza kilekile kilichodhoofika, tena kwa bei ya chini, kwa sababu msimamizi wa ujenzi hachagui mtu anayekohoa. Ingetarajiwa basi kwamba mtu wa namna hiyo aulinde mwili wake kuliko kitu kingine chochote, na kwa kweli ndivyo anavyotamani. Tatizo ni kwamba mwili huo haulishwi mpaka ufanye kazi, na kuupumzisha au kuupeleka kwenye matibabu ni kukatiza chakula cha nyumba nzima, pamoja na cha watoto ambao hawaumwi.

Hesabu yenyewe inaweza kuwekwa wazi kwa mfano wa kukadiria. Ichukuliwe hali ya saidia fundi anayelipwa shilingi 15,000 za Tanzania kwa kutwa, aliyeamka saa 11 alfajiri akiwa na homa na maumivu ya viungo. Akienda zahanati ya serikali atakaa foleni ya kuandikishwa, kisha ya kumwona tabibu, kisha ya maabara, kisha ya kurudisha majibu kwa tabibu, kisha ya dirisha la dawa, ambako anaweza kuambiwa kwamba dawa mojawapo imekwisha akainunue nje. Ada ya kumwona tabibu ni ndogo, na hata akisamehewa hesabu haibadiliki sana, kwa maana tayari zimepotea shilingi 15,000 za siku hiyo, nauli ya daladala ya kwenda na kurudi na, ikiwa msimamizi ana haraka ya kumaliza jengo, nafasi yenyewe ya kazi. Akipitia duka la dawa lililo njiani, atahudumiwa kwa dakika tano, atatoa shilingi 1,000 au 2,000, na saa 1 asubuhi atakuwa amekwishaanza kuchanganya mchanga na saruji, homa ikiwa imetulizwa kwa vidonge viwili. Njia ya kwanza inamgharimu takriban mara kumi ya ya pili, na faida yake haionekani siku hiyo wala wiki hiyo. Wataalamu huziita hasara za namna hii gharama zisizo za moja kwa moja, yaani zile ambazo mgonjwa hazilipi kwa mtu yeyote lakini zinamtoka, na kwa kuwa haziandikwi kwenye stakabadhi yoyote ya hospitali, ni rahisi kwa mpanga sera kuamini kwamba huduma isiyo na ada haina gharama.

Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa hesabu hiyo ni nzito zaidi. Kwa mwongozo wa misamaha ya ada wa Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini mama anayeuza mboga au kufua nguo za watu hupoteza siku yake kwa ugonjwa usio wake, na ikiwa ana watoto watatu walioambukizana kikohozi, hupoteza siku kadhaa ndani ya mwezi mmoja. Anapongoja hadi siku ya tatu kuona kama homa itashuka yenyewe, anafanya kamari ambayo mara nyingi hushinda, kwa sababu homa nyingi za watoto hushuka zenyewe. Ile inayogeuka kuwa malaria kali au homa ya mapafu ndiyo inayomkuta mhudumu anayeuliza kwa ukali kwa nini mtoto amecheleweshwa.

Duka la dawa, kwa sababu hizo, ndiyo zahanati ya kwanza ya watu wengi, na Tanzania ilifanya jambo la busara ilipoukubali ukweli huo. Kwa miaka mingi maduka ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza tu dawa zisizohitaji cheti cha daktari, lakini yaliuza nyingine kwa siri kwa kuwa wateja walizihitaji na kituo cha afya kilikuwa mbali. Mwaka 2003, kuanzia mkoa wa Ruvuma, ulianzishwa mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao uliwafundisha watoa dawa, ukayakagua maduka na kuyaruhusu kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti, zikiwemo baadhi ya antibiotiki, yaani dawa zinazoua bakteria, na baadaye mpango huo ukaenea nchi nzima. Ubora wa dawa na wa ushauri uliboreka. Mafunzo ya muuzaji, hata hivyo, hayaongezi kilichomo mfukoni mwa mnunuzi, na mtoa dawa aliyefunzwa vizuri kabisa bado hukutana na mteja anayeweka shilingi 500 mezani na kuomba apewe vidonge vinavyolingana nazo.

Hapo ndipo dozi inapokatwa, hata kabla ya mgonjwa kupata nafasi ya kuikatisha mwenyewe. Dozi kamili ya dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24 vinavyomezwa vinne vinne, mara mbili kwa siku, kwa siku 3, na kwa kuwa hufungwa pamoja kwenye paketi moja si rahisi kuvitenganisha, lakini antibiotiki zinazotoka kwenye makopo makubwa huhesabika kwa kidole. Anayenunua vidonge sita badala ya 15 hupata nafuu siku ya pili, na ikiwa alimudu kununua dozi yote, hujikuta mbele ya uamuzi mwingine: amalize vidonge vilivyobaki ilhali haumwi tena, au avifunge kwenye karatasi na kuviweka kabatini vingoje ugonjwa ujao. Kwa nyumba isiyo na akiba, vidonge hivyo ndiyo akiba ya matibabu, na kuvimeza bila maumivu huonekana kama kuvipoteza. Matokeo yake kwa jamii ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa, hali ambayo vijidudu vilivyokutana na dawa kidogo au isiyofaa hunusurika, huzaana na kurithisha uwezo wa kuihimili, hadi dawa iliyokuwa ikitibu kwa bei nafuu ikaacha kutibu. Anayeumia kwanza ni yuleyule asiyeweza kununua dawa ya daraja la juu.

Kununua kwa vipande kumeenea katika kila kitu anachotumia mtu wa kipato cha kutwa. Kenya jambo hilo huitwa uchumi wa kadogo, na Tanzania watu husema tu kwamba wananunua vya kupima: mafuta ya kula kwa kipimo, mkaa kwa kopo, sukari kwa robo, maji kwa dumu. Mwenye kununua kopo la mkaa kila siku hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, na mwenye kununua maji ya dumu hulipa bei ya juu kuliko mwenye bomba uani, kwa hiyo umaskini wenyewe una bei, na bei hiyo hutozwa kila asubuhi. Wafanyabiashara wa pombe kali waliufahamu mpangilio huu mapema kuliko wizara za afya, wakafunga vileo kwenye vipakti vidogo vya plastiki, vile viroba, ambavyo bei yake ililingana na chenji inayobaki mfukoni baada ya chakula. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2004 na Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na kwa kufanya hivyo serikali zilikubali kwa vitendo kwamba ukubwa wa kifungashio na bei yake huongoza mwenendo wa mtu kwa nguvu ambayo mahubiri dhidi ya ulevi hayana. Ni jambo la kusikitisha kwamba ufahamu huohuo haujatumika kwa bidii sawa katika kuifanya dozi kamili iwe rahisi kununuliwa.

Chakula nacho huamuliwa na mambo ambayo somo la lishe huyapita kimya. Maharage makavu yana protini, madini ya chuma na nyuzilishe, na kwa kipimo cha virutubisho kwa shilingi ni vigumu kupata chakula kinachoyazidi, lakini hayaliwi mabichi. Yanahitaji saa 2 au zaidi za moto, na hata yakilowekwa usiku kucha bado hula mkaa mwingi kuliko wali au ugali, hivyo bei halisi ya maharage ni bei ya maharage pamoja na ya mkaa pamoja na saa za mtu wa kuyaangalia jikoni. Mama aliyeondoka saa 10 usiku kwenda kufuata mboga sokoni na kurudi saa 1 jioni hana saa hizo. Kwa hiyo watoto hula chipsi au chapati zilizonunuliwa kibarazani, au ugali kwa mboga iliyokaangwa haraka, na anayewatazama kwa nje huona familia isiyojali lishe, ilhali mwenye jiko anajua vema thamani ya maharage na ameyapiga hesabu akayakosa.

Kwa mfanyakazi mwenyewe kuna jambo jingine. Mtu mzima anayefanya kazi nzito kutwa nzima anaweza kuhitaji zaidi ya kilokalori 3,500 kwa siku, kilokalori zikiwa ni kipimo cha nishati inayopatikana katika chakula, ambapo mwenzake wa ofisini hutosheka kwa kiasi kidogo zaidi. Chai yenye sukari nyingi na maandazi manne ni njia ya bei nafuu na ya haraka ya kuupata moto wa kuanzia kazi, na ugali mkubwa wa mama lishe saa 7 mchana ni wa lazima kwa anayebeba magunia. Nasaha ya kupunguza wanga na sukari, ambayo ni ya haki kabisa kwa mtu anayekaa kitini, humfikia mbeba mizigo kama maneno ya mtu asiyemfahamu. Hatari humwandama baadaye, pale umri unaposogea, kazi inapopungua au kubadilika na mazoea ya ulaji yakabaki, huku chumvi ya miaka mingi ikiwa imekwishafanya kazi yake kwenye mishipa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, ugonjwa ambao kwa kawaida hauumi, na usioumiza haupati nafasi katika ratiba ya mtu ambaye kila saa yake ina bei.

Lipo pia suala la maji ya kunywa, ambalo huzungumzwa kidogo kwa sababu linahusu haja ndogo. Katika masoko na stendi nyingi choo ni cha kulipia, na katika maeneo mengi ya ujenzi na machimbo hakuna choo cha kumsitiri mwanamke. Mwanamke anayeuza bidhaa juani hujizuia kunywa maji tangu asubuhi ili asilazimike kutoa shilingi mara tatu kwa siku na kuiacha meza yake bila mwangalizi, na anayeponda kokoto hujizuia ili asilazimike kwenda vichakani. Mkojo unapokuwa mchache na kukaa muda mrefu kibofuni, bakteria hupata nafasi ya kuzaana, na maambukizi ya njia ya mkojo hurudi kila baada ya muda, yakitibiwa kila mara kwa vidonge vichache vya dukani. Hakuna bango linaloweza kulitatua hili. Choo safi cha bure karibu na meza za wauzaji kinaweza.

Joto na ukosefu wa maji huathiri zaidi ya kibofu. Huko Nicaragua na El Salvador, kuanzia miaka ya 1990, madaktari waliona vijana wakata miwa wakifa kwa kushindwa kwa figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu, ambavyo ndivyo visababishi vya kawaida, na ingawa chanzo chake bado kinajadiliwa, watafiti wengi wanaona kwamba kazi nzito katika joto kali bila maji na mapumziko ya kutosha ina sehemu kubwa. Wakata miwa hao walilipwa kwa uzito wa miwa, hivyo kila dakika ya kukaa kivulini ilipunguza ujira. Mpango ulioanzishwa katika baadhi ya mashamba ya huko una jina la mambo matatu yaliyokosekana, maji, mapumziko na kivuli, na funzo lake linamhusu pia mkata miwa wa Kilombero au wa Mumias, pamoja na mpakia matofali wa mahali popote penye jua la mchana.

Figo hizohizo hushambuliwa pia na dawa za maumivu. Kiuno na magoti ya mbeba mizigo huuma kila siku, na katika kazi hizi diklofenaki na ibuprofeni humezwa kama sehemu ya kifungua kinywa, pengine kwa miaka. Dawa hizo hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili zinazoleta uvimbe, lakini kemikali hizo pia hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo, na ndiyo maana matumizi ya muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na, kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha, huweza kuziumiza figo. Maumivu ni onyo la mwili kwamba mzigo umezidi. Anayelizima onyo hilo ili abebe mzigo uleule kesho anajua kwamba hajapona, kwani wengi wao husema wazi kwamba dawa ni ya kuwafikisha jioni.

Vumbi la mawe lina hadithi inayofanana. Chembe ndogo za silika, madini yaliyomo katika mawe mengi, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona, ugonjwa unaoitwa silikosisi, ambao humweka mtu katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu. Katika machimbo ya tanzanite ya Mirerani, wilayani Simanjiro, wachimbaji wanaojulikana kama wanaapolo kwa miaka mingi wameshuka shimoni kwa makubaliano ya kupewa chakula na kugawiwa sehemu ya mawe yakipatikana, bila mshahara. Kwa utaratibu huo, anayepanda juu kwenda kupima kikohozi anaweza kukosa mgawo siku ambayo wenzake wamefikia jiwe baada ya miezi ya kuchimba. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, lakini matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na baada ya wiki chache kikohozi hupungua, nguvu hurudi na shimo huita. Shirika la Afya Duniani huhesabu gharama za kifua kikuu kuwa za maangamizi zinapozidi asilimia 20 ya kipato cha mwaka cha kaya, na lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2020 pasiwe na kaya hata moja inayofikia hapo. Lengo hilo halikutimia, na sehemu kubwa ya gharama hizo ni ujira uliokosekana na nauli, si dawa.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kudai kwamba kila uamuzi wa maskini ni hesabu safi. Upungufu huichosha akili pia. Mwaka 2013 watafiti wanne, wakiwemo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, mara mbili, kabla ya mavuno wakiwa hawana fedha na baada ya mavuno wakiwa nazo, na mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri alipokuwa na dhiki. Maelezo yao yalikuwa kwamba akili inayozungukwa na deni, kodi ya chumba na ada ya shule hubakiwa na nafasi ndogo ya mambo mengine, kama kukumbuka tarehe ya kliniki. Watafiti wengine waliorudia baadhi ya majaribio ya aina hiyo hawakupata matokeo yenye nguvu ileile, kwa hiyo jambo hili lisichukuliwe kuwa limefungwa. Lakini anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 hahitaji maabara kujua kwamba uchovu hupunguza uvumilivu, na kwamba sigara, kinywaji cha kuongeza nguvu au kipimo cha pombe huwa ndiyo starehe pekee anayoimudu kati ya kazi na usingizi.

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu bei, na sehemu yake kubwa imetoka Kenya. Huko Busia, Michael Kremer na Edward Miguel walionyesha kwamba wazazi walipotakiwa kuchangia fedha kidogo kwa dawa za minyoo za watoto shuleni, waliokubali walishuka kutoka asilimia 75 hadi 18. Jessica Cohen na Pascaline Dupas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwauzia wajawazito wa magharibi mwa Kenya vyandarua kwa bei tofauti, na bei ilipopanda kutoka sifuri hadi takriban senti 60 za Marekani, kiwango cha waliovichukua kilianguka kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua, jambo lililovunja imani kwamba kitu cha bure hudharauliwa. Imani hiyo ndiyo iliyobeba sera nzima ya uchangiaji wa gharama za afya, iliyoanza Kenya mwaka 1989, ikasitishwa na kisha kurejeshwa, na iliyoanza Tanzania mwaka 1993 baada ya miaka ya matibabu ya bure yaliyofuata Azimio la Arusha. Uganda iliziondoa ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, na wagonjwa wakafurika, hasa walio maskini. Lakini dawa ziliadimika vituoni, watu wakaendelea kuzinunua nje, na mzigo wa matumizi kwa kaya maskini haukupungua kama ilivyotumainiwa.

Bima ya afya ndiyo njia inayotumainiwa sasa, na ugumu wake mkubwa kwa kibarua uko katika umbo la malipo kuliko katika kiasi chake. Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ijulikanayo kama SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango uliwekwa kuwa asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi bila kuona, ilhali asiye na ajira rasmi alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayepata fedha kwa siku na kununua mkaa kwa kopo aliombwa anunue afya kwa gunia. Baadaye ulianzishwa mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole ili mchango ulipwe kidogo kidogo, na kuhitajika kwake kunaonyesha jinsi utaratibu wa awali ulivyomsahau mlengwa.

Watu wenyewe walikwishapata njia za kuigeuza chenji kuwa fedha ya maana, nazo ni kibubu, chama, upatu na kikoba. Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwapa wanachama wa baadhi ya vikundi vya upatu vya magharibi mwa Kenya, ambavyo huko huitwa merry-go-round, visanduku vya kufungia akiba, na kwa vikundi vingine wakapendekeza mfuko wa afya ndani ya kikundi, ambapo kila mmoja huchangia kwa ajili ya kitu alichokitaja mapema, kama chandarua au chombo cha kutibia maji. Baada ya mwaka mmoja, wenye sanduku rahisi walitumia kwa kinga zaidi ya mara moja na nusu ya walivyotumia wasiokuwa nalo, na wenye mfuko wa kikundi walitumia zaidi ya maradufu. Hawakuongezewa kipato. Walipata mahali ambapo shilingi ya leo haiombwi na jirani, shemeji au mwenye duka kabla ya kufikia kazi yake.

Linalobaki bila jibu ni siku yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, lakini kwa kawaida asiyefikisha miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo, na saidia fundi hubadilisha jengo kabla ya muda huo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humhitaji mtu awe ametumikia miezi 2 mfululizo. Wala bima yoyote kati ya zilizotajwa haimlipi mgonjwa ujira alioupoteza akiwa kwenye foleni. Sehemu moja ya mfumo wa afya, hata hivyo, imeonyesha kwamba siku hiyo inaweza kurudishwa bila kutoa fedha taslimu. Huduma za VVU katika Kenya, Tanzania na Uganda ziliacha kumtaka kila mgonjwa aliye imara aje kliniki kila mwezi, zikaanza kutoa dawa za miezi 3 na hata za miezi 6 kwa mara moja, na mahali pengine dawa huchukuliwa kwa zamu na mmoja wa kikundi kwa niaba ya wenzake. Mgonjwa wa presha anayemeza kidonge kilekile kila asubuhi kwa miaka angeweza kupangiwa vivyo hivyo, au kufunguliwa dirisha la dawa saa 12 jioni wakati vibarua wanashuka kazini, lakini katika vituo vingi bado hupewa za mwezi mmoja, kwa tarehe inayoangukia siku ya kazi, saa 2 asubuhi.